Ustaz na Simu za Waliokataliwa

Kila siku ya kazi, kabla ya chai, Ustaz aliwapigia simu watu ambao lango letu lilikuwa limewakataa jana yake. Hakuifanya kazi hiyo akiwa ameketi. Alisimama dirishani, karatasi mkono mmoja na simu mkono mwingine, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na sauti yake ilimfikia mama muuza chai aliyekaa ng'ambo ya barabara.

"Habari ya asubuhi. Mimi napiga kutoka ofisi ya dawa, Hai Cinema. Jana mlango yetu ilikukataa mara tatu. Ulikuwa nataka nini?"

Wengi walidhani ni tapeli. Wengine walikata simu. Yeye alipiga tena, kwa sauti ile ile, bila kukasirika, mpaka mtu aseme alichokuwa anataka. Kisha aliandika jibu kwa penseli kwenye karatasi yake, akahamia jina linalofuata. Alipomaliza ndipo alipovuka barabara kwenda kunywa chai ya tangawizi yenye vijiko vitano vya sukari, na ole wako umsemeshe kabla hajaifikia nusu ya glasi.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilimwona kama mzee aliyechanganyikiwa kidogo. Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Eldoret, nilikokulia na kusomea kompyuta, na nilijiona nimekuja kuwafundisha watu. Kiarabu cha Juba kilikuwa kinanishinda, kwa hiyo yeye na mimi tuliongea Kiswahili: mimi hiki changu cha shule, yeye kile alichokiokota katika miaka mingi ya ukimbizini Uganda, ambako alikuwa mwalimu wa hesabu. Ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Ustaz. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza. Hata yeye hakupenda kuulizwa.

Afadhali nieleze lango. Kampuni yetu ilikuwa vyumba viwili katika mtaa wa Hai Cinema, na paneli za sola juu ya paa. Tulitengeneza programu ya simu iliyounganisha kliniki ndogo na maduka ya dawa ya soko la Konyo Konyo. Sista wa kliniki anaomba dawa kwa simu, duka linajibu kama ipo, boda boda anaitwa, dawa inapelekwa. Kwa sista ni programu moja tu. Nyuma yake zilikuwa nne ndogo ndogo, kila moja na kazi yake: moja ya stoo, moja ya oda, moja ya boda boda, moja ya kutuma ujumbe. Tulizitenganisha ili moja ikianguka zile nyingine ziendelee. Na mbele ya zote nne lilikaa lango. Kila ombi lilipita hapo kwanza. Lango liliuliza ufunguo, yaani ile namba ya siri iliyopewa kila kliniki, likahesabu mtu ameomba mara ngapi, kisha likamwelekeza kwenye programu inayomhusu. Asiye na ufunguo, au anayeomba kupita kiasi, lilimrudisha.

Lango lenyewe hatukulinunua. Lilikuwa programu huria, iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali na kuachwa wazi, yeyote aichukue, aisome ndani na airekebishe. Hilo lilimfurahisha Ustaz kuliko kitu chochote ofisini. Alikuwa ameisoma yote, mstari kwa mstari, kama wengine wanavyosoma Zaburi. Mara moja aliona kosa dogo katika maelezo yake, akaandika sahihisho, akalituma kwa hao waandishi asiowajua. Baada ya wiki mbili likaja jibu la neno moja, asante, na sahihisho likaingizwa. Alivuka barabara akamwonyesha mama muuza chai simu yake. Mama hakuelewa hata kidogo, lakini alimpa glasi ya pili bure kwa jinsi alivyokuwa akitabasamu.

Mtu aliyekataliwa na lango la kawaida hupata namba. Mia nne na tatu, kwa mfano, maana yake huruhusiwi. Ustaz aliichukia hiyo namba. "Hakuna mtu anaitwa mia nne na tatu," alikuwa akisema, na alilisema neno hilo kila juma mpaka tukawa tunalisema pamoja naye, tukimcheka. Aliingia ndani ya lango akabadilisha maneno yake. Badala ya namba, aliyekataliwa alisoma kwenye simu yake, kwa Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili: *Samahani. Leo hatujaweza kukufungulia. Sababu ni hii. Piga simu tuzungumze.* Chini yake ilifuata namba ya simu. Haikuwa ya ofisi. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, iliyokuwa mfukoni mwake kanisani, sokoni na kwenye vilio vya watu.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anajitesa hivyo. Tulikuwa tunasubiri mvua iishe, na nadhani ni mvua iliyomlegeza.

"Kule Uganda," alisema, "mimi nilikwenda kwa dirisha moja ya ofisi siku kumi na moja. Kila siku mama wa dirisha anasema hapana. Kukataliwa si shida, biniya. Mtu anaweza kukataliwa. Lakini hakuna mtu alisema kwa nini. Mpaka leo mimi sijui ni karatasi gani ilikosa."

Biniya, yaani binti, ndivyo alivyoniita siku zote. Mvua ilipoisha akavaa kofia yake akaenda zake.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Nyumbani kwake lango la mabati lilifungwa kwa waya uliosokotwa mara nne, na ukibisha aliuliza kutoka ndani, "Nani? Nataka nini?" kwa sauti ya askari. Ukijibu vizuri sana alikwambia urudi kesho. Mtu aliyewapigia simu wageni kila asubuhi hakupenda mgeni hata mmoja uani kwake. Dada yake alipopiga simu aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Nilipomtania juu ya hilo alisema dada yake hajakataliwa na mtu yeyote tangu azaliwe, kwa hiyo anaweza kusubiri.

Na kwa lango la kazi hakuwa na huruma ya kijinga. Bosi wetu, Mganda mcheshi mwenye haraka, alitaka afunguliwe njia ya pembeni ili aione stoo moja kwa moja bila kupitia langoni. Alisema yeye ndiye mwenye kampuni. Ustaz alimwambia, "Basi wewe ndiye wa kwanza kupita mlango." Mwezi uliofuata ufunguo wa bosi uliisha muda wake, naye hakuwa na habari. Lango likamrudisha siku nzima. Asubuhi yake Ustaz akasimama dirishani na karatasi yake, akafika kwenye jina la bosi, akapiga. Simu ikalia mezani kwa bosi, hatua nne kutoka pale. Bosi akaitazama, akamtazama Ustaz, aliyekuwa amempa mgongo, akapokea.

"Habari ya asubuhi. Mimi napiga kutoka ofisi ya dawa, Hai Cinema. Jana mlango yetu ilikukataa mara saba. Ulikuwa nataka nini?"

"Ustaz, mimi niko hapa."

"Sikuulizi uko wapi. Nauliza ulikuwa nataka nini."

Bosi akaeleza, kwa simu, mpaka mwisho. Tulificha nyuso nyuma ya kompyuta zetu. Lakini baada ya siku hiyo bosi hakuiomba tena njia ya pembeni.

Kosa langu kubwa la mwanzo alilirekebisha vivyo hivyo, bila kelele. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Simu moja mbovu mahali fulani ilikuwa inarudia ombi lile lile mfululizo, mpaka programu ya stoo ikazidiwa ikaanguka. Nikaliwekea lango kikomo: anwani moja ya mtandao isipite maombi thelathini kwa dakika. Vitabuni ndivyo inavyofanywa. Nilienda nyumbani nimeridhika.

Asubuhi ya pili Ustaz aliita kutoka dirishani. "Biniya, kuja uone. Huyu mtu moja amekataliwa jana kutoka asubuhi mpaka jioni. Mtu moja, na iko na funguo sita."

Hakunieleza. Alimwita boda boda, tukapanda wote wawili nyuma, tukaifuata barabara ya kusini kuelekea Rejaf, vumbi likitujaa masikioni. Tulisimama kwenye duka moja la vocha. Juu ya bati kulikuwa na dishi la setilaiti, na kutoka kwenye dishi waya zilitambaa juu ya mapaa, juu ya miti, kuelekea kliniki moja, nyingine, gesti, nyingine tena. Mwenye duka alikuwa anawauzia intaneti majirani wote. Kwa lango letu kliniki zote za upande ule zilikuwa anwani moja.

"Angalia," alisema Ustaz akinyoosha kidole juu. "Mtu wako moja ndiyo huyu. Iko na vichwa sita."

Nilitamani ardhi inimeze. Kliniki sita zilikuwa zimekosa dawa siku nzima kwa sababu yangu. Ya mwisho kwenye ule waya ilikuwa chumba kimoja huko Rejaf, cha sista mmoja mfupi mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa ametibu nusu ya watoto wa eneo lile. Ustaz alinipeleka mpaka kwake, akanifanya nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Sista alisema malesh, si neno, akatupa karanga. Tuliporudi ofisini nilibadilisha hesabu, lango likawa linahesabu kwa ufunguo wala si kwa anwani, na Ustaz hakulitaja tena jambo hilo. Mimi ndiye ninayelitaja.

Alistaafu magoti yalipoanza kumsumbua. Alihamia huko huko Rejaf, kwenye kipande cha shamba karibu na mto, akalima bamia na mboga ya kudra. Siku ya kuaga alinikabidhi penseli yake na karatasi za juma lile. Namba yake ya simu ilibaki ndani ya lango. Nilimwambia nitaiondoa ili apumzike, akakataa. "Wache ilie," alisema. "Mimi nitafanya nini na kimya?"

Kwa mwaka mzima waliokataliwa waliendelea kumpigia shambani, naye alinipigia mimi: huyu ufunguo umeisha, yule amebadilisha simu, mwingine ni mlevi aliyekosea namba lakini mkaribishe. Mimi pia niliwapigia niliowaona kwenye orodha, kwanza kila siku, halafu kila Jumatatu, halafu nilipokumbuka. Kazi ilikuwa imeongezeka. Kliniki zilikuwa nyingi kuliko zamani, na wafadhili walitaka mambo yaonekane ya kisasa. Tukaweka toleo jipya la lango. Tukaweka pia sharti kwamba kila ufunguo uhuishwe kila baada ya miezi mitatu. Na wafadhili walipouliza namba ya mzee fulani inafanya nini ndani ya mfumo, nikaona aibu, nikaiondoa pamoja na maneno yake ya samahani. Nilisema moyoni kwamba nitaweka ya ofisi mahali pake. Nilisema pia kwamba namwonea huruma mzee. Lango likarudi kusema mia nne na tatu.

Badala ya karatasi nikawa na kioo cha kompyuta ukutani chenye picha ya rangi: waliopita kijani, waliokataliwa wekundu. Kilikuwa kijani karibu chote, na wekundu ulikuwa ukanda mwembamba chini kabisa. Nilikitazama kila asubuhi nikinywa chai, na nikiri tu kwamba nilijivunia.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi moja, nilikwenda kumtembelea Ustaz. Nilimbebea sukari kilo mbili na picha ya kile kioo kwenye simu yangu. Nilimkuta kivulini nje ya nyumba yake. Lango la huko nalo lilifungwa kwa waya, lakini safari hii alinifungulia mwenyewe. Kwenye kiti cha plastiki kando yake simu ilikuwa imelazwa chali, imeunganishwa na paneli ndogo ya sola. Alikuwa amepungua mwili, na macho yalikuwa yale yale.

Tuliulizana hali. Akauliza habari za bosi, za mama muuza chai, mwishoni za lango. Nikaanza kueleza toleo jipya. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mimi nilijua tayari," alisema. "Simu imenyamaza. Miezi miwili hailii. Kwanza nilifikiri imeharibika, nikaenda kwa fundi, fundi akasema iko kweis, iko mzima. Halafu nikaelewa. Biniya amemaliza kazi. Sasa watu wote wanapita." Alicheka kidogo, peke yake. "Jumapili nilimshukuru Mungu kwa hiyo mambo. Kanisani, nilisimama."

Nilikuwa bado nimeshika simu yenye ile picha ya kijani. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa na furaha, alikuwa mzee, na hakuna ambaye angejua. Niliwaza hivyo kabisa, na ninaona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Ustaz," nikasema, "hawapiti wote. Wanakataliwa kama zamani. Niliondoa namba yako."

Aliitazama simu yake kwenye kiti kwa muda mrefu. Nilitamani anitukane. Kisha akachukua fimbo yake na kofia, akachomoa simu kwenye waya. "Twende," akasema.

Tulitembea polepole kwa sababu ya magoti yake, mpaka kile chumba cha sista. Mlango ulikuwa wazi, na mama wawili walikaa nje na watoto wenye homa mapajani. Sista alitupokea kwa furaha, lakini kicheko hakikuwa kile nilichokikumbuka. Rafu ya nyuma yake ilikuwa na pakiti nne.

"Dawa ya malaria ya watoto iko?" Ustaz aliuliza.

"Hiyo ndiyo imebaki," sista alisema akionyesha zile pakiti. "Wiki saba sasa nafunga kliniki kila Jumanne, nakwenda Konyo Konyo mwenyewe. Simu ilisema mia nne na tatu. Nilijua mmenifuta."

"Kwa nini hukupiga simu?" nikauliza, na nilipomaliza kusema nikajua nimeuliza ujinga.

Hakukasirika. Alinitazama tu kwa mshangao. "Ningepiga wapi?"

Ufunguo wake ulikuwa umeisha. Ujumbe wa kumkumbusha ulikwenda kwa Kiingereza, kwenye namba aliyoiacha zamani. Nikakaa kwenye benchi lake nikauhuisha kwa simu yangu, na haikuchukua dakika tano. Wiki saba, kwa dakika tano. Aliomba dawa hapo hapo, lango likampitisha, duka likajibu ipo. Sista akapiga makofi mara moja akaenda kuwaita mama wa nje.

Nilitoka kumtafuta Ustaz. Alikuwa amesimama chini ya upenu, amenipa mgongo, simu sikioni. Ndani ya mkoba wangu simu ikaanza kulia. Nikaitazama, nikamtazama yeye, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nikapokea.

"Habari ya asubuhi," alisema. "Jana mlango yenu ilikataa mtu wa Rejaf. Alikuwa anataka nini?"

"Dawa ya malaria," nikasema. "Ya watoto, Ustaz."

"Na wengine?"

Kwenye ule ukanda mwembamba mwekundu walikuwemo wengine. Sikumjua hata mmoja.

"Sijui, Ustaz."

"Kalas, basi," alisema, kwa upole. "Jumatatu utajua." Akakata.

Jumatatu nilifika kabla ya bosi. Nilirudisha maneno yake ndani ya lango kwa lugha zote tatu, na chini yake nikaweka namba yangu, ile ninayokwenda nayo kanisani. Nikachapisha orodha. Ilikuwa na majina kumi na tisa. Nikaenda kusimama dirishani na penseli, na mama muuza chai ng'ambo akainua kichwa kunitazama. Wa kwanza alikuwa mwanamume, alipokea upesi.

"Habari ya asubuhi," nikasema. "Napiga kutoka ofisi ya dawa, Hai Cinema. Lango letu lilikukataa. Ulikuwa unataka nini?"

"Lakini yule mzee," akauliza, "yule mzee iko wapi? Mimi nilikuwa nangoja yeye apige."

"Yuko shambani," nikamwambia. "Samahani kwa kukungojesha. Sasa ni mimi."